Wezi wa Papa Séraphin

Kama kuna jambo ambalo Séraphin Kalenga hakuweza kulivumilia, ni mkutano kumalizika bila neno la shukrani. Alilelewa Lubumbashi, katika nyumba ambayo wageni hawakuondoka mpaka mtu mzima mmoja asimame, anyooshe shati lake, awashukuru waliokuja, waliopika, na hata wale waliokuja kula tu. Ndiyo maana jioni ile ya mkutano wa wazazi wa ligi ya besiboli ya watoto, katika ukumbi mmoja wa Saint-Gilles, mtaa wa jiji la Brussels, Dries, katibu wa ligi, alipouliza swali na wazazi wote wakainamisha vichwa kama wanaotafuta sindano sakafuni, Séraphin aliona aibu kwa niaba yao. Akasimama.

Swali lenyewe hakuwa amelisikia. Alikuwa amemsindikiza mjukuu wake Chloé, msichana wa miaka kumi na mmoja, na sehemu kubwa ya mkutano ameipitisha akipigana na usingizi. Lakini neno la shukrani halingoji swali. Alimshukuru Dries, akawashukuru wazazi, akaushukuru ukumbi kwa kuwa na paa siku ya mvua, akawaombea watoto wote magoti yenye afya. Alipoketi, makofi yalilipuka mpaka akashtuka, maana kwao neno la shukrani hupigiwa makofi mawili matatu, watu wakakimbilia sahani. Dries akaja mbio, akamshika mkono kwa mikono yote miwili, akamkabidhi mfuko mkubwa wa glavu na fimbo za kupigia. Hapo ndipo Séraphin alipoelewa swali lilikuwa nini. Lilikuwa hili: nani atajitolea kuwa kocha wa watoto wa Saint-Gilles?

Mwingine angerudisha mfuko papo hapo. Lakini Chloé alikuwa akimtazama babu yake kwa macho ambayo mtoto humtazamia mtu aliyeshinda vita, na mzee aliyekwisha kupigiwa makofi harudishi mfuko. Akaubeba begani mpaka nyumbani. Mkewe Antoinette alicheka mpaka akatafuta kiti. Alipopata pumzi alimuuliza mumewe kama anajua timu ya besiboli ina watu wangapi. Séraphin alijibu kwamba itategemea watakaokuja.

Tuseme kweli, mchezo wenyewe hakuwahi kuuona hata siku moja. Maisha yake yote ya Brussels aliendesha tramu. Asubuhi za baridi watu walimsubiri kituoni, wakamnunia akichelewa, na yeye alipenda sana kununiwa, kwa kuwa mtu anayenuniwa ni mtu anayehitajika. Siku alipostaafu walimpa saa ya ukutani, kama vile bado kuna mahali anapotakiwa kuwahi. Antoinette aliendelea na kazi yake ya kuhudumia wazee, akatoka kila asubuhi, na Séraphin akabaki na saa yake ukutani na dirisha lake. Aliwajua majirani wote kwa mbwa wao. Hakumwambia mtu, lakini kuna siku alishuka chini kumsubiri mleta barua ili tu apate mtu wa kumnunia.

Kwa hiyo alijifunza besiboli. Chloé alimkalisha mbele ya video, yeye akalala, akaamshwa, akalala tena. Mwishowe mtoto aliacha video akamweleza kwa mdomo: unapiga mpira kwa fimbo, unakimbia kituo cha kwanza, cha pili, cha tatu, halafu unarudi nyumbani ulikoanzia, na hapo timu yako inapata pointi. Neno kituo lilimwamsha dereva. Kesho yake uwanjani aliwatangazia watoto kwamba kituo cha kwanza kinaitwa Porte de Hal, cha pili Louise, cha tatu Porte de Namur, na nyumbani ni Gare du Midi. Watoto wa Saint-Gilles, ambao hakuna hata mmoja aliyejua kushika glavu, njia hiyo waliijua hata wakiwa wamefumba macho.

Jambo lililomfanya aupende mchezo kabisa ni lile alilolisikia wiki ya pili. Chloé alimweleza kwamba mkimbiaji aliyesimama kituoni si lazima asubiri mwenzake apige mpira. Akiona mrushaji wa upande wa pili amezubaa, anaruhusiwa kuchomoka na kukiiba kituo kinachofuata. Séraphin alimtaka arudie. Kuiba, kabisa? Kuiba, babu, ndivyo kunavyoitwa. Na mwamuzi anatazama tu? Anatazama tu.

Séraphin alikuwa msomaji wa masomo kanisani. Tangu siku ile, Jumapili asubuhi alisimama mbele ya waumini na kuwasomea amri za Mungu kwa sauti nzito, na alasiri akawafundisha watoto wizi. Alikuwa na kipaji cha ajabu. Dereva wa tramu anajua kwa kumtazama mtu mgongoni kama atapanda au hatapanda, na Séraphin alimjua mrushaji aliyezubaa kabla hajazubaa. Shida ilikuwa moja tu: akipiga kelele kwa Kifaransa kwamba iba, timu ya pili inasikia. Kwa Kiflemi, wanasikia zaidi. Basi akawafundisha watoto wake maneno matatu ya Kiswahili. Iba. Simama. Rudi. Yasmina, binti wa familia ya Tangier, na Karimu, mwenye matege na mbio za sungura, waliyatamka kana kwamba wamezaliwa Likasi, jirani na Lubumbashi. Nani Brussels, katika uwanja wa watoto, atajua Kiswahili? Séraphin alijiona mjanja, akajipongeza mwenyewe kwenye kioo.

Ligi ilikuwa ndogo, timu nne zilizopokezana uwanja mmoja kila Jumapili. Timu mbili zilianza kuibiwa vituo mpaka makocha wao wakachanganyikiwa. Ila wa tatu, Etterbeek, hawakuibika.

Etterbeek walifundishwa na Anneleen, msichana mtulivu mwenye filimbi na vyeti, na mrushaji wao alikuwa mvulana mrefu aliyeitwa Jens. Kila Séraphin alipopaza sauti kwamba iba, Jens aligeuka, akarusha mpira kituoni, mwenzake akamgusa mkimbiaji nao, na mkimbiaji akawa ametoka. Mara ya kwanza Séraphin alisema ni bahati. Mara ya tano alisema yule mtoto ana macho kisogoni. Anneleen naye alimsifu Jens kwa kuusoma mchezo.

Kwenye benchi la Etterbeek, wakati wote, aliketi bibi mmoja mkongwe wa Kibelgiji akifuma sweta. Huyo alikuwa Mariette, dada wa babu yake Jens. Alikuja hata siku ambazo Etterbeek hawachezi, akafuma, hakumsemesha mtu. Ila alikuwa na kikohozi kibaya. Na Séraphin, ambaye mdomo wake haukuwahi kukaa bure, alimfanya bibi yule kuwa burudani ya msimu. Akiwa amesimama hatua chache tu kutoka kwake, aliwaambia Chloé na mkewe, kwa Kiswahili cha Lubumbashi na kwa sauti ya dereva, kwamba bibi huyu kofia yake ni kifuniko cha sufuria na sufuria inamtafuta. Kwamba alizikwa mwaka jana akarudi kuchukua miwani. Kwamba lile sweta lilianza kufumwa mwenyewe alipokuwa mchumba, na mchumba alipoona mwendo wa sweta akakimbia. Bibi akikohoa, Séraphin alimwambia Antoinette ampelekee asali kabla hajatema na meno. Chloé alicheka. Antoinette alimwonya kwamba mtu mzima hatukanwi hata kama hasikii. Séraphin alijibu kwamba kama hasikii basi hajatukanwa.

Kuelekea mwisho wa msimu Dries aliwaita makocha wote. Manispaa ilikuwa imepunguza saa za uwanja, na mwaka ujao ligi ingebaki na timu tatu. Saint-Gilles na Etterbeek zingeunganishwa. Séraphin na Anneleen walishindana mno kwa heshima juu ya nani ampishe mwenzake, mpaka Anneleen akapendekeza kwamba mechi ya mwisho iamue: kocha atakayeshinda aichukue timu mpya, na mwingine apumzike. Séraphin alikubali akitabasamu. Usiku huo wakati wa chakula alimwambia Antoinette wazi, bila mzaha, kwamba anaogopa. Jumamosi watoto walimsubiri langoni mwa bustani, akichelewa walimnunia, wakimwona walimwita Papa Coach, na yeye hakutaka kurudi dirishani.

Jumapili kabla ya mechi hiyo, Saint-Gilles walicheza na timu nyingine. Mariette alikuwa palepale, ingawa Jens hakuwepo. Karimu alipiga mpira vibaya, ukaruka pembeni kuelekea mama mmoja aliyekuwa amesimama na kigari cha mtoto mchanga, akiangalia simu. Kila mtu alifungua mdomo, na kabla sauti ya mtu yeyote haijatoka, sauti moja ilikata uwanja mzima.

"Mutoto! Chungeni mutoto!"

Mama alivuta kigari, mpira ukaanguka pale pale kilipokuwa. Watu wakashusha pumzi. Séraphin hakushusha. Sauti ile haikutoka kwa Antoinette wala kwa Chloé. Ilitoka chini ya kifuniko cha sufuria. Bibi alikuwa amesimama, sweta limeanguka, na alipomwona Séraphin amemkodolea macho, aliliokota, akaketi, akaanza kufuma kwa haraka sana.

Msimu mzima ulipita kichwani mwa Séraphin kama tramu isiyosimama. Kofia. Makaburi. Mchumba. Meno. Kisha likamjia jambo lingine. Kikohozi. Kikohozi kilikuja baada ya iba, wala hakikuwahi kuja baada ya simama. Jens hakuwa na macho kisogoni, alikuwa na bibi. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, lakini hawakusema kwamba kinaweza kuwa kinafuma sweta.

Wiki iliyofuata ilikuwa ya vurugu. Kwanza Séraphin alitaka kwenda kushtaki kwa Dries, halafu akakumbuka kwamba ili kushtaki atalazimika kutafsiri. Akaachana na hilo. Kisha alitaka kutumia Kilingala, lakini Kilingala cha Chloé kilikuwa cha nyimbo za kanisani tu, na huwezi kumwambia mtoto akimbie kwa kumwambia Bwana asifiwe. Mwishowe aliamua kugeuza maneno: simama iwe iba, iba iwe simama. Mazoezi ya Jumamosi yaliharibika kuliko harusi iliyokosa bwana harusi. Karimu aliposikia simama alikimbia, akakumbuka, akarudi, akakumbuka tena. Yasmina aliposikia iba alisimama, kisha akasikia rudi, ambalo halikuwa limegeuzwa, akaketi katikati ya njia akaanza kulia. Chloé alimwambia babu yake kwamba hata babu mwenyewe amekosea mara mbili.

Jioni Antoinette alimkuta mumewe jikoni amejiinamia. Alikuwa amechoka na kazi, akavua viatu, akasikiliza mkasa wote, kisha akaanza kucheka polepole, kile kicheko chake kilichoanzia tumboni.

"Acha ba-code yako," alisema. "Ule mama, mi nitaenda kumusalimia."

"Kumusalimia tu hivi? Itatusaidia nini?"

"Kumusalimia sawa vile banasalimiaka kwetu. Muzungu mwenye kuona hatari na kupiga kelele mu Kiswahili, alikaaka kule miaka mingi. Na muntu mwenye alikaaka kule hawezi kukata salamu."

Séraphin aliinua kichwa. Alimtazama mwanamke aliyemwoa wakiwa na nywele nyeusi wote wawili, akaona kwamba katika nyumba hii mjanja hakuwa yeye.

Kwa asiyejua: huko kwao salamu si neno moja la kupitia njiani. Ukisalimiwa na mtu mzima, unaweka chini ulichoshika. Unatoa mikono miwili. Unaulizwa habari ya nyumba, unajibu, unauliza na wewe. Mnapita kwa watoto, kwa kazi, kwa afya, kwa mashamba hata kama hamna shamba, mnashuka kwa ndugu walio mbali, na mnafika kwa marehemu. Kwa marehemu hakuna haraka. Mtu anayekata salamu katikati ili atazame kitu kingine, hata kama ni nyumba inaungua, atasemwa hadi mazishi yake.

Jumapili ya mechi Antoinette alivaa kitenge cha sikukuu. Alisubiri. Ilikuwa amri ya Séraphin kwamba asiende mapema, kwa maana salamu ni kama gesi ya kupikia, haifai kuiwasha kabla maji hayajakuwa tayari. Mechi ilikuwa ngumu. Etterbeek walitangulia, Saint-Gilles wakawafikia kwa fimbo ya Yasmina, ambaye alifumba macho na kupiga. Mara mbili Séraphin alijaribu wizi, mara mbili bibi akakohoa, mara mbili mkimbiaji akatoka. Ilipofika zamu ya mwisho, walikuwa sare. Chloé alikuwa amesimama kituo cha kwanza, pale Porte de Hal, na nyuma yake hakukuwa na mpigaji wa kutumainiwa. Séraphin alimtazama mkewe, akavua kofia, akaivaa tena.

Antoinette akaenda. Alizunguka benchi la Etterbeek, akasimama mbele ya Mariette, akainama kidogo, akatoa mikono miwili.

"Jambo, mama. Habari ya ku nyumba?"

Mariette alimtazama. Alitazama uwanja. Alitazama ile mikono. Jens, kule katikati, alikuwa ameshika mpira, masikio wazi. Sindano za kufumia zilibaki kidogo hewani, halafu zikashuka, zikalazwa juu ya sweta, na bibi akatoa mikono yake yote miwili.

"Jambo sana, mama. Ku nyumba muzuri. Na kwako?"

"Iba!" alinguruma Séraphin.

Chloé alichomoka. Jens alisubiri kikohozi. Kikohozi hakikuja. Alipogeuka, Chloé alikuwa amefika Louise, anajipangusa vumbi. Jens alimtazama bibi yake kwa mshangao, lakini bibi alikuwa akieleza habari ya magoti, na Antoinette alikuwa akitikisa kichwa kwa huruma ya kweli, kwa kuwa magoti alikuwa akiyajua kikazi. Kisha akauliza mama alikaa sehemu gani kule. Kamina, alijibu Mariette, alikuwa sista na mkunga, alizalisha watoto wasiohesabika. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo, na Séraphin alikuwa amemtukana mmoja wao tangu majira ya kuchipua.

"Iba!" alinguruma tena, kwa sauti ambayo sasa ilikuwa na toba ndani yake.

Chloé akafika Porte de Namur. Anneleen alipuliza filimbi bila kujua kwa nini. Jens aliita kwa Kifaransa, tantine, tantine, yaani shangazi, lakini tantine wake alikuwa amefikishwa kwa marehemu. Antoinette alikuwa amemuuliza kama kule Kamina alikuwa peke yake au na wenzake. Mariette alishika mikono ya Antoinette kwa nguvu zaidi.

Kuiba kutoka Porte de Namur kwenda Gare du Midi ndiyo wizi mkubwa kuliko wote, maana unakimbia kumwelekea mdaka mpira aliyekaa anakusubiri na mpira unarushwa mbele ya pua yako. Séraphin mwenyewe hakuthubutu kuamuru. Aliona dirisha lake, aliona saa yake ya ukutani. Lakini Jens alikuwa bado amegeuzia shingo benchini, na Chloé, mjukuu wa dereva, alimwona mrushaji aliyezubaa. Hakungoja neno. Aliteleza kwa makalio mpaka nyumbani, vumbi likafunika kila mtu, na lilipotulia mwamuzi alikuwa amenyoosha mikono pande zote mbili: amefika.

Saint-Gilles walipiga kelele mpaka njiwa wa bustani wakahama. Dries alikuja na kamera. Anneleen alimpa Séraphin mkono, akamwambia kwa uungwana kwamba timu ni yake, akaomba tu abaki kama msaidizi, kwa kuwa vyeti vyake vingeozea bure. Séraphin alikubali hapo hapo, hasa alipokumbuka kwamba bado hajui baadhi ya sheria. Watoto walimvuta shati waende wakapigwe picha. Yeye alitazama benchi. Antoinette alimwita kwa kidole kimoja, kile kidole ambacho katika miaka yao yote ya ndoa hakikuwahi kumwitia jambo jepesi.

Alikwenda akijifariji kwamba atamtania bibi kidogo, mshindi ana haki yake. Alipofika aliona kwamba bibi amelia.

"Papa Coach," Mariette alisema. "Iba ya kwanza nilisikia. Ya pili nilisikia. Kikohozi kilikuwa tayari hapa." Akagusa koo. "Lakini huyu bibi yako, mama Antoinette, alikuwa ananiuliza habari ya Sœur Godelieve."

Antoinette alimweleza mumewe yaliyobaki. Masista hao wawili, Godelieve na Mariette, walifanya kazi pamoja kule Kamina tangu ujana, wakarudi Ubelgiji pamoja wakiwa wazee, wakakaa katika vyumba viwili hapa Etterbeek. Kifaransa kilikuwa cha kuongea na daktari, Kiflemi cha ndugu. Humo ndani, wakipika, wakigombana juu ya chumvi, waliongea Kiswahili. Godelieve alifariki majira ya baridi yaliyopita. Tangu siku hiyo hakuna aliyegombana na Mariette juu ya chochote.

Séraphin, mtu wa hotuba kwa kila tukio, alisema kwa sauti ndogo kwamba yale yote aliyosema msimu huu, juu ya kofia, juu ya kuzikwa, mama amsamehe, hakujua kwamba anasikia.

Mariette alifuta macho kwa ncha ya sweta.

"Nikusamehe nini? Ile matusi yako, ndiyo Kiswahili nilibaki nayo. Kila Jumapili nilikuya kusikia leo utasema nini." Kitu cha utundu kikapita machoni mwake. "Na nikikohoa, unaongeza."

Kwa hiyo hata kikohozi hakikuwa cha Jens peke yake. Séraphin alitazama uwanja wake, watoto wake, timu aliyoishinda kwa kumtegea salamu mtu aliyekuwa na njaa ya kusalimiwa, na alijisikia mdogo kuliko mpira. Dries alikuwa akimpungia mkono, wote wamejipanga, amebaki kocha tu. Séraphin alimwashiria apige picha bila yeye. Kisha akavua kofia, akainama sawasawa, akatoa mikono miwili, akaanza mwanzo kabisa, habari ya nyumba.

"Nyumba iko kimya," Mariette akajibu.

Séraphin hakuharakisha. Alipita kwenye kila swali kwa zamu yake, na yeye akaulizwa na kujibu, akasema hata habari ya dirisha na ya mleta barua, jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu. Antoinette alisogea akawaachia nafasi kwenye benchi. Walipofika mwisho wa salamu, uwanja ulikuwa karibu mtupu na Chloé na Jens walikuwa wakigombania chupa moja ya maji.

"Sasa timu iko moja," Mariette alisema, akitazama mikono yake. "Mwaka ujao hautanitukana tena?"

"Mama, sasa najua kama unasikia," Séraphin alisema, "nitafanya muzuri zaidi." Akaketi pembeni yake, akamkagua toka chini kwenda juu kama abiria asiye na tiketi. "Donc, tuanze leo. Hii viatu, ulimunyang'anya padri gani?"

Mariette aliviangalia viatu vyake kwa muda, kwa makini.

"Ule alishakufaka," alisema. "Hataziuliza tena."